Kanuni za Kiasi cha Kuagiza Katika Kompyuta ya Ghala



Programu ya kompyuta ya kupanga mahitaji ya ghala humtolea mtunza ghala orodha ya mapendekezo ya ununuzi: salfa kiasi hiki, magunia kiasi hiki, yafike kabla ya tarehe fulani. Orodha hiyo huwa imechapwa vizuri, na kwa kuwa imechapwa vizuri, aghalabu hutiwa sahihi bila kuhojiwa. Lakini hakuna tarakimu hata moja ndani yake ambayo mashine imeibuni. Mashine imehesabu kwa kanuni alizoziandika mtu, pengine miaka mitatu iliyopita, pengine kwa haraka. Anayeandika kanuni hizo ndiye anayetumia fedha za wanachama, hata kama hajapata kushika kitabu cha hundi.

Na ichukuliwe salfa ya unga, ambayo mkulima wa korosho huitegemea dhidi ya ubwiri unga wakati mikorosho inapochanua. Chama cha msingi kimeorodhesha mahitaji ya wanachama wake, jumla mifuko 430 ya kilo 25. Ghalani imo mifuko 60, na mingine 100 imekwisha agizwa, ingali njiani. Upungufu halisi ni mifuko 270. Hapo ndipo kanuni zinapoingia. Mwuzaji hakubali agizo lililo chini ya mifuko 200. Hicho ni kiwango cha chini, na 270 imekwisha kukipita. Tena huuza kwa chaga nzima, na chaga moja hubeba mifuko 40. Hilo ndilo fungu. Programu hupandisha 270 hadi fungu kamili linalofuata, nayo hupendekeza mifuko 280. Mifuko kumi itabaki, jambo ambalo halimwumizi mtu.

Lakini tuseme karani, alipokuwa akijaza nafasi ya fungu, alikumbuka kwamba chaga moja ni kilo 1,000, akaandika 1,000, ilhali programu inahesabu kwa mifuko. Pendekezo litakuwa mifuko 1,000, yaani tani 25 badala ya tani 7. Mifuko 730 isiyo na mwenyewe itakaa sakafuni, ishike unyevu na kuganda, na mkopo wa pembejeo uendelee kudai riba. Mashine haitashtuka. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandika tarakimu yoyote, kipimo kinachotumika hakina budi kuulizwa: ni mfuko, ni kilo, au ni robota?

Kikomo cha juu nacho kina hila yake. Akiandika mtu kikomo cha mifuko 300 pamoja na fungu la 40, kanuni hizo mbili hazipatani, kwani 300 haigawanyiki kwa 40 bila baki. Afadhali aandike 280 au 320. Na pale mahitaji yanapozidi kikomo, programu nyingine huyagawa katika maagizo mawili, nyingine hutoa onyo tu. Tabia hiyo ijaribiwe kwa bidhaa moja kabla ya msimu, si katikati ya msimu.

Si kila bidhaa hustahili kanuni moja. Mwaka 1913 Mmarekani Ford W. Harris alichapisha hesabu ya kulinganisha gharama za kuagiza na gharama za kuhifadhi. Ikiwa chama kinatumia lita 1,200 za oili kwa mwaka, kila agizo likigharimu shilingi 15,000 za safari na karatasi, na kuhifadhi lita moja kwa mwaka kukigharimu shilingi 900, hesabu hiyo hutoa lita 200 kwa kila agizo: pipa moja, mara sita kwa mwaka. Kwa oili inafaa sana, maana oili hutumika mwaka mzima. Kwa salfa haifai kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 Joseph Orlicky alieleza kwamba mahitaji yanayotokana na mpango wa kazi yahesabiwe kutoka katika mpango wenyewe, yasibashiriwe kwa wastani. Kiwanda na shamba ni mbalimbali, lakini mikorosho nayo haichanui kwa wastani. Salfa iagizwe kwa upungufu halisi wa msimu.

Hatari kubwa huja msimu unapokaribia kwisha. Mwanachama mmoja amechelewa, anataka mifuko 12, na ghala ni tupu. Programu, ikitii kiwango cha chini, itapendekeza mifuko 200. Hapa mtu ana haki ya kulikataa pendekezo, na kwa kweli ni wajibu wake. Kuazima kwa chama jirani ni jambo la siku moja. Mifuko 188 ya ziada ni jambo la mwaka mzima.

Liko swali moja ambalo vyama vingi havijalitafakari: kanuni hizi ziwekwe wapi, chamani au katika Chama Kikuu? Vyama kumi, kila kimoja kikiwa na upungufu wa mifuko 45, vikiagiza kila kimoja peke yake haviwezi kufikia kiwango cha mifuko 200. Hata mwuzaji akiwasamehe kiwango hicho, kila chama kitapandishwa hadi mifuko 80, jumla mifuko 800. Upungufu huo ukijumlishwa kwanza ni mifuko 450, nao hupandishwa mara moja tu hadi 480. Tofauti ni mifuko 320, pasipo kubembeleza bei wala kumnyima mkulima hata mfuko mmoja. Basi fungu na kiwango cha chini viandikwe katika hesabu ya Chama Kikuu, na vyama vya msingi vipeleke upungufu halisi, usiopandishwa. Chama kikipandisha kwake na Chama Kikuu kikapandisha tena, faida yote hupotea.

Kila kanuni iandikwe pia katika daftari la ghala: tarehe, aliyeidhinisha, na sababu. Kiwango kilichowekwa na mwuzaji kitofautishwe na kile kilichowekwa kwa mazoea ya chama, kwa sababu cha kwanza hubadilika mwuzaji anapobadilika, na cha pili kinaweza kufutwa na Bodi katika kikao kimoja. Mwuzaji aulizwe upya kila mwaka kabla ya orodha ya kwanza ya mapendekezo kuchapwa.