Ardhi ya Kagera inavutwa

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lililobomoa nyumba Bukoba, mkoani Kagera, na kuwatikisa watu wa Muleba lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lilianzia kina cha takriban kilomita 40. Halikufanana na lile la Japani la 2011. Kule bamba moja la ukoko wa dunia huzama chini ya jingine. Katika tetemeko hilo, Rasi ya Oshika nchini humo ilisogea zaidi ya mita 5 na kushuka zaidi ya mita moja. Kwetu Kagera, Bonde la Ufa huuvuta ukoko wa dunia milimita chache kwa mwaka. Mkazo hujilimbikiza polepole, mwamba ukakatika ghafla. Lakini kinachoua ni ukuta usiofungwa. Anayejenga leo asiruke lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta.