Nani Alituhifadhia Muyaka?



Nimeombwa nizungumzie maandishi makuu ya fasihi na visa vilivyo nyuma yake. Nimemchagua mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, kwa kuwa diwani tunayoisoma kwa jina lake yeye mwenyewe hakuwahi kuiona.

Muyaka aliishi kati ya mwaka 1776 na 1840. Alikuwa mfanyabiashara na mtu wa karibu wa Mazrui, watawala wa Mombasa waliokataa kumtii Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Aliyaona mengi: vita vya Shela, ambako Mombasa na Pate walishindwa na watu wa Lamu, Kapteni Owen, Mwingereza, akipandisha bendera ya Uingereza mjini Mombasa mwaka 1824, nayo ikashushwa miaka miwili baadaye, kisha mwaka 1837 Mazrui kuangushwa, na vigogo wao kukamatwa na kupelekwa uhamishoni. Yote hayo aliyatungia. Alitunga pia juu ya mapenzi, juu ya marafiki wasiofaa, juu ya mambo ya nyumbani.

Sasa angalieni tarehe. Mtunzi alifariki mwaka 1840. Diwani ya Muyaka ilichapishwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, mwaka 1940, mhariri wake akiwa William Hichens. Katika miaka hiyo mia moja mashairi yalikuwa wapi?

Kwa muda mrefu yalikuwa vinywani mwa watu. Aliyeyaokoa ni mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Aliyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa hati ya Kiarabu. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, maana hati ile kwa asili yake haina herufi ya p, v wala ch, na irabu zake hazitenganishi e na i. Aliyeshirikiana naye ni William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekijua Kimvita, lahaja ya Mombasa, kuliko wengi wa wageni wenzake. Taylor aliyahamishia katika herufi za Kirumi, akaongeza maelezo. Karatasi zake ziliishia London, na huko ndiko watafiti walikokwenda kuzifukua, akiwamo Mohamed Abdulaziz, ambaye kitabu chake juu ya Muyaka kilitoka mwaka 1979.

Niyarudie yale maelezo ya Taylor, maana hapo ndipo penye uzito. Shairi la Muyaka mara nyingi ni ubeti mmoja tu: mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, basi. Mizani sitini na nne kwa jumla. Ndani yake hamna nafasi ya kutaja nani kagombana na nani. Mtu wa Mombasa aliyelisikia siku ile alikuwa anakijua kisa, sisi hatukijui. Isitoshe, mengi yalikuwa majibizano. Muyaka akiwarushia maneno watu wa Lamu, huko alikuwapo Zahidi Mngumi, mshairi na kiongozi, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Ukiusoma ubeti wa mmoja bila wa mwenzake, ni kama kumsikiliza mtu akizungumza kwa simu. Bila maelezo hayo, na bila kumbukumbu za wazee waliomsimulia Sikujua, nusu ya diwani ingekuwa mafumbo matupu, na sisi wahadhiri tungeyafumbua kwa kubahatisha, kwa kujiamini kabisa. (Msicheke, tunafanya hivyo kila muhula.)

Lakini shukrani zisitufumbe macho. Mwanachuoni akiwa na daftari, pembeni yake padri: ni beti gani ambazo mzee mwenye haya angekataa kuwasomea? Nani alikwenda kuwauliza wanawake wa Mji wa Kale wa Mombasa walichokumbuka? Diwani tuliyo nayo ni ile iliyopita katika mikono michache, na kila mkono ulichagua. Kuwafundisha wanafunzi kuwa huyu ndiye Muyaka mzima ni kuwapunja. Na kuliacha jina la Mwalimu Sikujua katika tanbihi ni dhuluma. Mahali pake ni kwenye jalada.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mmetoka katika nyumba zenye sanduku la karatasi kuukuu, au bibi anayejua beti ambazo hazimo kitabuni. Likizo hii kaeni naye. Msiandike ubeti peke yake: ulizeni ulisemwa na nani, kwa nani, kwa ugomvi gani, na nani alijibu. Karatasi zipigeni picha kwa idhini ya wenyewe, kisha ziacheni pale pale nyumbani. Na jina la aliyewasimulia, kama ameridhia, liandikeni ukurasa wa kwanza, juu ya jina lenu.