Deni la zamani hujibiwa kwa karatasi



Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Leo nataka kuzungumzia matanga yanayokuja baada ya miaka kumi na miwili, wakati mkopaji mwenyewe ameshasahau hata ngoma iliyopigwa katika harusi hiyo. Nitasema yaliyonipata mimi mwenyewe, maana si haki kuwahimiza wengine wasione haya wakati mimi nimejificha nyuma ya kipaza sauti.

Ilikuwa Juni 2024. Nilikuwa nyumbani kwa mama, si mbali na Omurushaka hapa Karagwe, tukigeuza kahawa ya maganda iliyoanikwa uani. Simu ikalia, namba ngeni. "Habari za saa hizi, mzee. Napiga kutoka kampuni ya kukusanya madeni. Unadaiwa shilingi 4,860,000. Unalipa lini?"

Msikilizaji, mtu akikuuliza unalipa lini kabla hujamuuliza unachodaiwa, ujue ameshakutangulia hatua moja. Mimi nilitanguliwa. Badala ya kumuuliza ni deni gani, nilijibu kwa sauti ya mwizi aliyeshikwa: "Naomba muda kidogo, ndugu yangu."

Deni lenyewe lilikuwepo, sikatai. Mwaka 2012 nilikuwa nimeajiriwa katika mradi mmoja, nikakopa benki shilingi 2,000,000. Makubaliano yalikuwa kukatwa shilingi 105,000 katika mshahara kila mwezi kwa miezi 24, jumla shilingi 2,520,000. Nikakatwa mara kumi na tano. Mwaka 2013 mradi ukafungwa, mshahara ukakoma. Nikaenda kaunta Kayanga nikalipa kwa mkono wangu mara mbili. Kisha nikaenda chuoni kusomea stashahada ya uandishi wa habari, na huko nikaacha kulipa. Sikuandika barua wala sikuaga. Nilinyamaza, na benki nayo ikanyamaza, nami nikajidanganya kwamba kimya hicho ni msamaha.

Siku ya pili yule bwana alipiga tena. Safari hii alitaka nitume shilingi 200,000 kabla ya jua kuchwa, kwa namba ya simu aliyonitajia, ili kuonyesha nia njema. Siku ya tatu hakunipigia mimi. Alimpigia mwenyekiti wa kitongoji, halafu akampigia mama yangu. Nilipofika nilimkuta mama amekaa kizingitini, kahawa haijageuzwa. Nikamwamkia shikamoo, akachelewa kuitikia. Kisha akasema, "Mwanangu, wanasema watakuja na polisi kuuza kibanja cha baba yako."

Wenzangu wa Karagwe na Kyerwa mnajua neno hilo lina uzito gani. Kibanja si shamba tu. Ni migomba, ni mibuni chini ya migomba, na ni kaburi la baba pembeni ya mibuni. Mtu wa kwetu akitishiwa kibanja hafikirii hesabu tena. Hapo hapo nikachukua simu nikaanza kuandika ile namba ili nitume laki mbili. Mama akaniuliza swali moja: "Utapewa stakabadhi?"

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini ameuza kahawa kwenye chama cha msingi maisha yake yote. Anajua kwamba kilo isiyoandikwa ni kilo iliyoliwa. Aliingia ndani akatoka na kopo la zamani la maziwa ya unga. Mlikuwa na stakabadhi za kahawa za miaka mingi, na katikati yake, zimekunjwa, karatasi nilizomwachia nilipokwenda chuoni: mkataba wangu wa mkopo na zile stakabadhi mbili za kaunta. Laki mbili sikuituma.

Nilijiuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi ya kuuliza wengine maswali alishindwa kuuliza swali hilo. Nadhani jibu liko katika mazoea yetu. Tumekulia katika butura. Mkulima ana mgonjwa au ana ada ya shule, anauza kahawa ingali ua mtini kwa bei ya kutupwa, na msimu ukifika mnunuzi anakuja na gunia lake. Serikali imekataza butura mara nyingi, nayo bado inapita mlango wa nyuma. Katika butura anayehesabu ni mmoja tu, yule aliyetoa fedha. Mkopaji kazi yake ni kuinamisha kichwa. Basi hata deni la benki likija tunalipokea kwa kichwa kilichoinama vile vile, wakati deni la benki lina karatasi, na karatasi husomwa na pande zote mbili.

Nilimwendea mwanasheria mmoja ninayefahamiana naye. Alisoma mkataba wangu, akanieleza mambo ambayo ningependa kila msikilizaji ayajue.

La kwanza, mkopo wangu ulikuwa wa dhamana ya mshahara. Kibanja hakikuwekwa rehani popote, tena hakikuwa changu. Mali isiyowekwa rehani haiuzwi kwa simu. Mdai anapaswa kwenda mahakamani, ashinde kesi, ndipo mahakama imtume dalali wake. Wakala wa kukusanya madeni si dalali wa mahakama, wala polisi si watumishi wake. Deni la mkataba ni jambo la madai, si jinai.

La pili, hata pale ardhi inapouzwa kihalali, Sheria ya Madalali inataka tangazo la siku zisizopungua 14, litolewe katika mji mkuu wa wilaya na pale pale mnada utakapofanyika. Tena inataka tangazo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Sheria hiyo ni ya zamani, lakini aliyeiandika alimkumbuka mtu wa kijijini.

La tatu, Sheria ya Ukomo ya 1971 inampa mdai wa deni la mkataba miaka sita ya kufungua kesi. Deni lenye rehani ya ardhi lina muda mrefu zaidi. Na hapa pana mtego: kabla muda haujaisha, ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, au ukalipa hata sehemu yake, hesabu ya miaka huanza upya. Kumbe laki mbili za nia njema zinaweza kuwa na kazi nyingine kuliko ile unayoambiwa.

Mwanasheria akatabasamu, akasema, "Kwa hesabu hii, ndugu yangu, wakikupeleka mahakamani una utetezi mzuri sana. Miaka sita imepita zamani."

Nilirudi nyumbani nimejawa na furaha. Lakini usiku nikakosa usingizi. Fedha nilikula. Nilinunulia bati, nikalipia ada. Sheria imemwekea mdai mpaka ili asilale usingizi miaka ishirini halafu aje kumgutusha mtu, na hilo ni jema. Lakini mpaka wa mahakama si mpaka wa dhamiri. Nikaamua: nitalipa nilichokopa, lakini sitalipa nilichotishiwa.

Nikaenda benki mwenyewe, mkononi nina bahasha. Nikaomba kwa maandishi mambo matatu: barua inayoonyesha kwamba kampuni ile imetumwa na benki, taarifa kamili ya mkopo tangu 2012, na mchanganuo wa ile 4,860,000. Majibu yalichukua wiki tano. Yalipofika, tukaona kwamba malipo yangu mawili ya kaunta, shilingi 210,000, hayakuingizwa kabisa. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa riba juu ya riba, faini, na malipo ya wakala kwa kazi ya kunitafuta. Nikaweka stakabadhi mezani. Nilikuwa nimelipa mara kumi na saba, zimebaki saba, yaani shilingi 735,000.

Tulivutana mara tatu. Mwishowe tukakubaliana kwa maandishi kwamba nikilipa 735,000 kwa mkupuo deni limekwisha, na faini zimefutwa. Barua nilitaka niipate kwanza, ndipo nikalipa, tena kaunta, si kwa namba ya mtu. Siku hiyo jioni niliitia barua ile ndani ya kopo la mama.

Si kila mmoja ana kopo. Baada ya kusimulia habari hii kwa jirani, alinipeleka kwa mama mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa. Yeye alipigiwa simu kama mimi, akawa anatuma shilingi 50,000 kila apatapo, miezi minane, kwa namba ya simu aliyopewa. Jumla 400,000. Alipokwenda benki kuuliza salio, deni lilikuwa halijapungua hata shilingi moja. Namba ile haipatikani tena. Hadi leo hajui kama aliyepiga alikuwa wakala kweli au tapeli aliyepata orodha ya wadaiwa. Machozi ya mama yule ndiyo yaliyonifanya nilete mazungumzo haya hewani.

Wasikilizaji wa umri wangu na zaidi wanakumbuka kwamba nchi hii iliwahi kuwa na madeni ya zamani ya kutisha. Tume iliyoongozwa na Marehemu Charles Nyirabu, aliyewahi kuwa Gavana wa Benki Kuu, iliundwa 1988 kuchunguza mabenki, ikakuta yameelemewa na mikopo isiyolipika, mingi ikiwa ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mwaka 1989 nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa zilishindwa kuelewana juu ya mgao wa mauzo, bei ikaporomoka, na sisi wa Kagera tukaionja. Mwaka 1991 Bunge likatunga sheria ya kuunda LART, chombo cha kukusanya madeni hayo mabaya, nacho kikawekewa baraza la kusikiliza mashauri yake. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara yenyewe ikagawanywa.

Nasema hayo kwa sababu moja. Deni la wakubwa lilipofika wakati wa kukusanywa, ilitungwa sheria, likawekwa baraza, na mdaiwa akawa na mahali pa kusema. Deni la mdogo hukusanywa kwa simu ya jioni kwa mama yake. Sidai kwamba mdogo asilipe. Nadai naye aonyeshwe karatasi.

Benki nazo zisinawe mikono kwa kusema ni wakala, si sisi. Aliyemtuma mtoto dukani ndiye mwenye chenji. Tangu 2019 tuna kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, na Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Anza kulalamika kwa benki yako kwa maandishi, ubaki na nakala. Usiporidhika, panda juu.

Na wewe mdaiwa mwenzangu, usizime simu, wala usivuke Murongo kwenda Uganda ukiacha wazee wakijibu kwa niaba yako. Uliza: nani amekutuma, kwa karatasi gani, na hesabu imefikaje hapo? Usitie sahihi usichokisoma. Usitume fedha kwa namba ya mtu. Ukishaona kilicho haki, kilipe, maana dawa ya deni ni kulipa, lakini hata dawa hupimwa kabla ya kunywewa.

Kahawa ya mama ilikauka vizuri msimu ule. Alipotoka kuipima kwenye chama cha msingi alirudi na stakabadhi, akaiweka ndani ya kopo, juu ya barua yangu.