Masomo Mafupi, Haki Kamili
(Mada iliyotolewa katika semina ya wanafunzi na wazazi)



Mada niliyopewa inahusu mtazamo wa wanafunzi juu ya masomo mafupi ya elimu ya juu, yaani yale ya miaka miwili au mitatu ambayo mwisho wake ni stashahada wala si shahada. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: Tume ya Haki na Amani inahusikaje na mambo ya vyeti? Jibu langu ni kwamba popote pale kijana anapopewa ahadi, akaitolea miaka ya ujana wake, na mzazi akauza ng'ombe kwa ajili ya ahadi hiyo, hapo pana suala la haki.

1. Wanafunzi wanasema nini?

Katika kuzungumza na vijana nimesikia mambo matatu yakirudiwa. La kwanza ni heshima. Kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, siku nikienda kuposa, wakwe wakitaka kujua nimesoma hadi wapi, niwaambie nini?" Tulicheka sote, lakini swali lake halikuwa la mzaha. La pili ni kazi: wanahofu kwamba mwajiri atawapa majukumu ya mwenye shahada na mshahara wa mtu asiyesoma. La tatu ni hofu ya kuingia katika nyumba isiyo na mlango wa pili, yaani kumaliza stashahada na kukuta njia ya kwenda mbele imezibwa.

Hata hivyo, wapo wenye mtazamo mwingine, hasa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Hao huona kwamba masomo mafupi yatawawezesha kujitegemea mapema na kuwasaidia wadogo zao. Hawaidharau stashahada. Wanachoomba ni kwamba wasihadaiwe.

2. Hofu hiyo imetoka wapi?

Tusiwalaumu vijana upesi. Katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari zilipoongezeka kwa kasi hapa Tanzania, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi sana kisha wakapelekwa madarasani. Watu wakawabandika jina la "vodafasta". Jina hilo lilikuwa kejeli, nalo liliwaangukia walimu wale, ilhali mpango haukuwa wao.

Kisha likaja tukio la Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2014 ilianzishwa huko stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, kwa lengo la kupunguza uhaba mkubwa wa walimu wa masomo hayo. Mei 2016, baada ya wahadhiri kuacha kufundisha programu hiyo kwa sababu ya madai ya malipo, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliamriwa kuondoka chuoni kwa muda mfupi mno. Jambo hilo lilizua mvutano mkali Bungeni. Baadaye wachache walibakizwa chuoni hapo, na wengi wakahamishiwa vyuo vya ualimu ili wamalizie masomo yao. Ni vema kwamba walipata pa kuendelea. Lakini tujiulize: mzigo wa ugomvi ule ulibebwa na nani? Ulibebwa na mwanafunzi aliyeonekana kituo cha mabasi na sanduku lake, asijue atamweleza nini mama yake.

3. Fupi si sawa na haraka

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, na wanafunzi wengi huutumia msemo huo kuyakataa masomo mafupi. Hapa hapana budi tutofautishe. Somo huwa fupi kwa haki pale kazi inayokusudiwa inapokuwa na mipaka iliyo wazi, na muda uliopangwa ukaitosha: kwa mfano, fundi sanifu wa maabara, au tabibu katika kituo cha afya. Somo huwa la haraka pale muda unapopunguzwa kwa sababu fedha, walimu au vitabu havikuandaliwa. La kwanza ni mpango. La pili ni kumpunja mwanafunzi, na kumpunja pia mgonjwa au mtoto atakayehudumiwa naye kesho.

4. Wenzetu wamejifunza nini?

Huko Marekani, vyuo vya miaka miwili vina historia ndefu. Cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Faida yake kubwa ni kwamba mwanafunzi anaweza kuhamia chuo kikuu na masomo aliyokwisha kufaulu yakahesabiwa. Hong Kong nayo, mwaka 2000, ilijiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 60 ya vijana katika elimu ya juu ndani ya miaka kumi, na shahada fupi za miaka miwili zikaenea. Wengi walijiandikisha wakitumaini kuendelea na shahada kamili, kumbe nafasi zilikuwa chache kuliko matumaini. Manung'uniko yakafuata. Funzo ni lile lile: uzuri wa ngazi fupi hutegemea kama imeunganishwa na ngazi inayofuata.

Hapa kwetu ngazi hizo zimeandikwa. Katika mfumo wa tuzo za ufundi, stashahada ni ngazi ya 6 na shahada ni ngazi ya 8. Tena, Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kwa miaka mingi kuwaelekea zaidi wanafunzi wa shahada, ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa. Hiyo ni hatua ya haki, maana maskini ndiye mwenye kuhitaji zaidi njia fupi.

5. Masharti ya haki

Kwa hiyo basi, kabla ya kuwataka vijana wabadili mtazamo wao, sisi watu wazima tutimize manne. Mosi, mwanafunzi aelezwe kwa maandishi, siku anapojiandikisha, cheti chake kitamruhusu kufanya kazi gani na kuendelea wapi. Pili, masharti yasibadilishwe akiwa katikati ya safari. Tatu, mshahara ulingane na kazi anayofanya. Nne, mpango usianzishwe kabla ya walimu kulipwa na vifaa kupatikana.

Nanyi vijana, msiwadharau wenzenu kwa sababu ya urefu wa masomo yao. Mkunga aliyekupokea ulipozaliwa hukumwuliza alisoma miaka mingapi. Lakini pia msione haya kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si utovu wa adabu.



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, katika familia zetu tunamheshimu mwenye stashahada sawasawa na mwenye shahada? Toeni mifano.
2. Chuo kikivunja ahadi kwa mwanafunzi, nani katika jumuiya yetu anaweza kumsaidia kudai haki yake, na kwa njia gani?
3. Wazazi wafanye nini kabla ya kulipa ada ya programu mpya?