Kauli Zilizoandaliwa: Azitunze Nani, Kiendeshi au Programu?



Mada hii nimeijenga juu ya PostgreSQL na Java, kwa kuwa hapo ubishi wenyewe huonekana waziwazi. Kauli ya SQL ikishaandaliwa, nani aishike ili seva isiichambue upya kila inapoletwa? Naona kazi hiyo ni ya kiendeshi, na mwandishi wa programu anayejitwika anajitafutia taabu.

Tutazame kwanza kauli inakaa wapi. Katika PostgreSQL, kauli iliyoandaliwa ni mali ya muunganisho mmoja tu. Muunganisho ukifungwa, nayo imekwenda. Muunganisho wa pili hauijui kabisa. (Waliolelewa na Oracle hushangaa hapa, maana seva yao huweka mipango katika kumbukumbu inayotumiwa na vikao vyote.) Programu za leo, nazo, huazima muunganisho kwenye akiba ya miunganisho, huutumia kwa milisekunde chache, kisha huurudisha. Anayehifadhi kauli ndani ya msimbo wake ni kama mgeni anayeacha sanduku chumbani kwenye gesti akitumaini kesho atapewa chumba kilekile.

Kiendeshi hakina tatizo hilo, kwani kinaujua muunganisho tangu unapofunguliwa hadi unapofungwa. Kile cha JDBC cha PostgreSQL husubiri hadi kauli itekelezwe mara ya 5 ndipo kiiandae kwa jina kwenye seva, na kwa kawaida hutunza maulizo 256 kwa kila muunganisho. HikariCP, inayosimamia akiba ya miunganisho, imekataa kabisa kubeba kazi hii na kuiachia viendeshi. Kwa MySQL jihadharini: kache ya Connector/J huja imezimwa, na hata ukiiwasha, hutunza kauli 25 tu zisizozidi herufi 256 hadi ubadilishe mipangilio. Maulizo yanayotungwa na Hibernate huupita urefu huo bila shida.

Wapinzani wana hoja. PgBouncer, inayokaa kati ya programu na PostgreSQL, ikigawa miunganisho kwa kila muamala, kauli zenye majina zilikuwa zikipotea, hadi toleo la 1.21 la mwaka 2023 lilipoanza kuzifuatilia. Lakini kache iliyo ndani ya programu ingetumbukia shimo lilelile.

Wajibu wa programu ni mwingine: maandishi ya ulizo yasibadilikebadilike. Orodha ya IN yenye vigezo vitatu leo na saba kesho ni maulizo mawili tofauti, na nafasi 256 hujaa upesi. Andikeni = ANY na mpitishe safu moja.

Liko jambo moja ambalo kiendeshi hakiwezi kulijua, nalo ni sura ya data. Kauli yenye jina ikishatekelezwa mara 5 (hii ni tano ya seva, si ile ya kiendeshi), PostgreSQL inaweza kuhamia mpango wa jumla usiotazama thamani za vigezo. Jedwali la malipo ambalo karibu rekodi zote zimeandikwa “imelipwa” na chache tu “inasubiri” laweza kuumia hapo: ulizo lililokuwa jepesi ghafla linakuwa zito. Tangu toleo la 12 kuna mpangilio wa plan_cache_mode, unaoweza kuwekwa kwa muamala mmoja tu. Uamuzi huo ni wa mwandishi wa programu, maana ndiye anayejua malipo mangapi bado yanasubiri.