Vyanzo vya Ufaulu na Bidii ya Mwanafunzi: Lugha ya Darasa la Kwanza Hapa Kindu



Nimeombwa nizungumze juu ya mambo yanayomfanya mwanafunzi afaulu sana na apende masomo. Nimepewa dakika arobaini na kichwa kipana kama mto Lualaba wakati wa mvua. Basi mtaniwia radhi nikipita mbio mahali pengi na kukaa sana mahali pamoja. Niseme pia mapema kwamba maoni haya ni yangu. Yasihesabiwe kuwa ya ofisi yoyote niliyoitumikia.

1. Maana ya maneno

Kufaulu tunakujua: ni kupata nusu ya pointi au zaidi, kupanda darasa, kushinda mtihani wa mwisho wa shule ya msingi na, baadaye, Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, ambao nchi hii inauendesha tangu 1967. Kufaulu sana ni kupita hapo kwa mbali. Motisha ni nguvu inayomsukuma mtoto kusoma. Kuna ya ndani na kuna ya nje. Walimu wote mlio hapa mmeyaandika haya katika daftari la saikolojia, siyarudii.

Ila tuko Kongo, na kwetu neno motivasyo likitamkwa mbele ya mzazi, mkono wake unakwenda mfukoni. Tangu mishahara ya walimu ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, motivasyo ikawa jina la pesa ambazo mzazi anamwongezea mwalimu ili asiache darasa. Kuna watoto waliofukuzwa masomoni kwa sababu ya motivasyo! Leo nazungumzia ile nyingine, isiyokatiwa risiti.

2. Sababu zinazotajwa katika kila semina

Umaskini, njaa, darasa lililojaa, mwalimu ambaye jina lake halijaingia katika orodha ya malipo, mvua inayopita kwenye paa, mtoto wa Alunguli anayengoja mtumbwi ng'ambo ya mto wakati wenzake wa Kasuku wamekwisha anza somo. Yote ni kweli. Elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za umma mwaka wa masomo 2019–2020, watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani waliingia, jambo jema kabisa, lakini nimesimama katika madarasa ambamo niliacha kuhesabu nilipofika tisini. Sipuuzi hata moja ya sababu hizi.

Nakataa tu kwamba zinatosha kueleza. Katika miaka ya 1970 mtafiti Stephen Heyneman alipima wanafunzi wa shule za msingi Uganda, akakuta kwamba mali na cheo cha wazazi havikuwa na uzito mkubwa katika matokeo kama ilivyodhaniwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1983, pamoja na William Loxley, alilinganisha nchi 29 na kuonyesha kwamba katika nchi maskini, ubora wa shule na wa mwalimu ndio unaobeba sehemu kubwa. Kwa maneno mengine, pale nyumba inapokuwa na kidogo, shule ndiyo inayotoa zaidi. Hilo linatuondolea kisingizio sisi tulio na chaki mkononi.

Edward Deci na Richard Ryan, Wamarekani wawili, wanasema bidii ya ndani inataka vitu vitatu: mtu ajione anaweza, ajione ana uamuzi katika anachofanya, ajione yuko na watu wake. Nitashika kile cha kwanza tu. Mtoto wa miaka sita atajionaje anaweza, mahali ambapo haelewi anachoambiwa?

3. Jambo lenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa inspekta, nilikagua darasa la pili katika shule moja ya mji huu. Somo lilikuwa la kutoa. Mwalimu aliuliza kwa Kifaransa, darasa likajibu kwa sauti moja, kwa wimbo. Nikamwita msichana mmoja ubaoni, nikamwuliza kwa Kifaransa tisa ukitoa nne inabaki ngapi. Alirudia swali langu lote, vizuri sana, hata sauti yangu aliiga. Kisha akanyamaza, akitazama miguu yake. Mwalimu akaniambia: huyu, Bwana Inspekta, ni mzito.

Jioni ya kesho yake nilimkuta huyo mzito kwenye kivuko, anauza karanga za mama yake. Kikombe faranga mia mbili. Nilichukua vitatu, nikampa noti ya elfu. Alinirudishia mia nne kabla sijafunga mfuko, huku macho yake yakiwa kwa mteja mwingine.

Si ajabu ya Kindu peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu huko Recife, Brazili, walichapisha habari za watoto wachuuzi: hesabu za sokoni walizipata kwa asilimia 98, na hesabu zilezile, walipopewa kishule kwenye karatasi, asilimia 37. Tena wale wa Recife lugha ya soko na ya shule ilikuwa moja, Kireno. Wetu tumewaongezea mlima wa pili.

Ndugu zangu, sheria si adui yetu. Mei 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi wakapendekeza lugha za taifa ziingie shuleni. Katiba ya 2006 inazitaja nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya elimu, na papo hapo inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kama chombo cha kufundishia na kama somo. Kwetu sisi wa mashariki maana yake ni Kiswahili katika miaka ya mwanzo, Kifaransa kikiingia polepole na kushika kazi baadaye. Nani kati yetu anafanya hivyo? Nimeingia madarasa mengi ambamo jarida la mwalimu la kuandalia masomo linasema somo ni kwa Kiswahili, ubao umejaa Kifaransa, na maelezo yenyewe ni mchanganyiko wa jasho.

Sababu ninazijua. Mtihani wa mwisho wa msingi ni kwa Kifaransa, na mwalimu anapimwa kwa mtihani huo. Vitabu vya Kiswahili vilivyofika ni vichache. Mwalimu mwenyewe hakufundishwa kufundisha kusoma kwa Kiswahili. Kisha kuna mzazi, na mzazi ana hoja yake: Kiswahili mtoto anakijua nyumbani, mimi namleta ajue Kifaransa. Sina haki ya kumcheka mzazi huyu, kwa sababu mtoto wangu wa tatu nilimpeleka materneli (chekechea) ya Kifaransa, nikiwa inspekta, nikiwa nimekwisha andika ripoti ya kutetea Kiswahili. Mke wangu hajasahau kunikumbusha.

Lakini hoja ya mzazi ina kasoro moja: inadhani mtoto anajifunza kusoma mara mbili. Kusoma hujifunzwa mara moja tu. Aliyejua kwamba herufi hizi ni sauti, na sauti hizo ni neno analolijua, atakipeleka chombo hicho katika Kifaransa. Asiyeshika hilo katika neno "mama" hatalishika katika "maman", maana hapo anaimba tu. Kule Ife, Nigeria, kuanzia 1970, Babs Fafunwa na wenzake walifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo tu. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao, na hata katika Kiingereza hawakuachwa nyuma. Karibu zaidi, jirani zetu wa Burundi: katika vipimo vya PASEC vya 2014, vilivyoshirikisha nchi kumi zinazotumia Kifaransa, watoto wao wa mwanzo wa msingi, waliopimwa kwa Kirundi, ndio waliotangulia. Burundi haituzidi utajiri.

Mtaniambia Burundi ina lugha moja. Kweli, na hapo nafika kwenye mwiba ambao hata wanaokubaliana nami hawapendi kuugusa. Kiswahili kipi? Kitabu kinasema "watoto wanakwenda shuleni". Mtoto wa Mikelenge anasema "batoto banakwenda ku masomo". Kitabu kikiletwa kutoka mbali kinamwandikia "kisamvu", na yeye tangu aote meno anakula sombe. Mwalimu, akitaka kuonekana msomi, anamkosoa mpaka mtoto anaamini kwamba hata Kiswahili hakijui. Tumempokonya lugha mbili kwa mpigo!

Chukueni hesabu. Kwa Kifaransa mtoto lazima akariri *onze*, *douze*, *treize*, maneno ambayo kwa sikio lake hayana kumi ndani. Kiswahili kinamwambia wazi: kumi na moja, kumi na mbili. Na Kiswahili chetu cha huku, ambacho wengine wanakiita Kingwana kwa dharau kidogo, kinakwenda mbele zaidi. Bibi zetu hawasemi "thelathini na tano", wanasema "makumi tatu na tano". Makumi na mamoja yamo ndani ya neno lenyewe! Mwalimu wa hesabu angetafuta zana ya kufundishia bora kuliko hiyo asingeipata, hata kwa dola. Nimeona ikifutwa ubaoni kwa sababu si sanifu.

Tena jimbo letu si Kindu peke yake. Kule Pangi ndani mtoto anaamka na Kilega, Kabambare na Kibangubangu, Lubutu na Kikumu. Kwake Kiswahili nacho ni lugha ya pili, ingawa anakisikia sokoni na kanisani au msikitini. Ndiyo maana sheria ilisema pia "lugha za mazingira". Sina dawa iliyokamilika kwa kijiji hicho. Najua tu kwamba mwalimu anayemweleza mtoto kwa lugha ya mama yake hatendi kosa, na kwa miaka mingi wakaguzi, nami nikiwamo, tuliandika kwamba ni kosa.

Fomu ya ukaguzi niliyokuwa nikijaza iliuliza kama jarida limesainiwa, kama ramani imetundikwa, kama mwalimu amevaa vizuri. Haikuwa na mstari wa kuuliza watoto wameelewa nini. Niliandika ripoti tatu nikiomba mstari huo uongezwe. Zote tatu zilirudi na muhuri wa kupokelewa.

4. Mapendekezo

Kwa heshima zote, napendekeza:

Kwanza, darasa la kwanza na la pili lifundishwe kwa Kiswahili kweli, kama sheria inavyoruhusu, na jarida lilingane na kinachosemwa.

Pili, Kifaransa kifundishwe kama somo tangu mwanzo, kwa kuzungumza: salamu, vitu, michezo. Sisemi kiondoke. Atakayetoka hapa na kusema nimepinga Kifaransa atakuwa hakunisikia.

Tatu, mwalimu apokee "batoto" na "makumi tatu" kwa mdomo, kisha amwonyeshe mtoto maandishi ya kitabu kama njia nyingine ya kusema, bila kicheko.

Nne, direkta asimpe darasa la kwanza mwalimu mgeni au aliyeadhibiwa. Desturi hiyo ife. Darasa la kwanza lipewe mwalimu aliye hodari kuliko wote, na kama kuna msaada wowote wa wazazi, aanze yeye kufikiriwa.

Tano, vyuo vinavyofundisha walimu hapa jimboni viweke saa za kufundisha kusoma kwa Kiswahili. Huwezi kumdai mwalimu asichopewa.

Sita, wasimamizi wa shule za dini, zile za konvansyone, Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu, wakubaliane juu ya jambo hili kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa. Mzazi akiona shule moja inafundisha kwa Kiswahili na jirani yake inaimba Kifaransa, atahamisha mtoto, nasi tutarudi palepale.

Saba, mzazi aelezwe. Asiitwe mkutanoni siku ya pesa tu. Aitwe siku mtoto wake anaposoma ukurasa ambao hajaukariri, asikie kwa masikio yake.

Nane, mtihani wa darasa, ule tunaoutunga wenyewe, uwe na maswali kwa lugha iliyofundishiwa. Wa taifa hauko mikononi mwetu. Huu wa shule uko.

Tisa, hesabu zianzie kwenye karanga, mchele na nauli ya mtumbwi, ndipo ziende kwenye karatasi.

Kumi, na hili linarudia la kwanza kwa makusudi: jarida lilingane na kinachosemwa.

Kumi na moja, fomu ya ukaguzi iongezwe mstari mmoja: "Mtoto aliyeulizwa ameeleza nini kwa maneno yake?" Mstari mmoja, hauhitaji bajeti.

Juu ya zawadi kwa wanafunzi bora sijasema kitu, nayo ilikuwa katika barua ya mwaliko. Toeni daftari na kalamu, ni vizuri. Lakini mnampa zawadi yule ambaye ameshafika darasa la sita.

Walimu wenzangu, kesho kutwa mtakuwa darasani. Kabla ya kengele ya mwisho, chagueni mtoto mmoja, yule mnayemwita mzito, mwulizeni kwa lugha anayoiuzia karanga leo amejifunza nini, na mwandike jibu lake. Nakala za ripoti zangu tatu ziko juu ya meza karibu na mlango kwa atakayezitaka. Muhuri zinao tayari.