Mto Unaosomwa na Wageni: Wana wa Tana na Masomo ya Juu



Katika mji huu wa Hola, mwaka 1959 hutajwa kwa msiba. Tarehe 3 Machi, watu 11 waliokuwa kizuizini katika kambi ya Hola walipigwa na askari hadi kufa kwa kukataa kazi ya shokoa. Mwezi uliofuata mwanasiasa Tom Mboya alikuwa Marekani, akizunguka kuwaombea vijana wa Kenya nafasi vyuoni. Septemba hiyo wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege. Barua ya kuchangisha nauli yao ilitiwa saini na mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Historia yetu huikumbuka ndege. Mimi alasiri hii nataka tuitazame barua, maana bila barua ndege ile isingeruka, na hata leo mlango wa chuo hufunguliwa kwa barua.

Vijana wa kaunti hii ya Tana River, Wapokomo kwa Waorma, Wawardei kwa Wamunyoyaya, huniambia jambo lile lile: nafasi za uzamili hupewa wenye watu wao ofisini. Siwalaumu, wameona mengi yakigawanywa hivyo. Lakini kamati inayosoma maombi kule Leeds au Cape Town haimjui mjomba wa mtu. Inataka kujua una swali gani, na nani amekuona ukifanya kazi.

Kwa upande wa swali, mtu wa Tana ni tajiri. Mbega mwekundu na mangabe wa Tana hawapatikani kokote duniani ila katika misitu ya mto huu. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alianza utafiti wake kati ya Waorma wa Galole mwishoni mwa miaka ya 1970, na kitabu chake, Making a Market, kikatoka mwaka 1992. Baadaye alirudi na michezo ya fedha iliyochezwa katika jamii 15 za mabara mbalimbali, ili kupima jinsi watu wanavyogawana. Katika mchezo mmoja, kila mtu aliamua peke yake atie kiasi gani kwenye mfuko wa wote. Waorma waliutazama, wakauita mchezo wa harambee, wakachanga kwa ukarimu.

Litafakarini hilo. Wanauchumi walikuwa wakihangaika kueleza kwa nini binadamu hutoa mali yake pasipo kulazimishwa, na wanakijiji wakauelewa mchezo papo hapo kwa sababu wao huchangiana karo na arusi. Maarifa yaliyoufasiri mchezo ule yalikuwa ya hapa. Natamani waandishi wa makala zijazo za utafiti wa namna hii wawe ni watu waliokua wakisikia harambee ikiitishwa katika vijiji hivi.

Basi swali lianzie nyumbani. Chukueni mti wa mathenge. Ulipandwa Bura miaka ya 1980 ili watu wa skimu ya umwagiliaji wapate kuni. Sasa umevamia malisho na mashamba, na mbuzi wanaokula maganda yake huoza meno. Mwombaji akiandika, “Tangu utotoni nimependa mazingira,” msomaji wake amekwisha kuchoka. Lakini aandike hivi: “Malisho ya familia yetu yamezibwa na mathenge. Jirani mmoja anauchoma makaa, mwingine anataka ung’olewe wote. Nataka kujua ni njia ipi inayorudisha nyasi.” Hapo msomaji anavuta kiti.

Ukishapata swali, tafuta waliolishughulikia, uwaandikie. Barua pepe ya aya mbili yatosha: nimesoma makala yako, hapa kwetu nimeona jambo lisilolingana nayo, je, umelifikiria? Usimwombe ufadhili katika barua ya kwanza. Asipojibu, mwandikie tena baada ya wiki mbili, kisha umwache kwa heshima. Wengi hawatajibu. Mmoja akijibu, umepata mtu atakayelitambua jina lako maombi yako yakifika mezani.

Tunapoanguka zaidi ni kwenye barua za mapendekezo. Mwanafunzi humtumia mhadhiri ujumbe wa simu siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, na mhadhiri aliyefundisha ukumbi mzima huandika kwamba kijana huyu ana nidhamu na alihudhuria vipindi. Sifa kama hizo, mbele ya kamati, ni sawa na kunyimwa. Wala barua ya chifu au ya mheshimiwa haiwezi kuziba pengo hilo. Anayefaa ni yule aliyesoma kazi yako na kuisahihisha. Mjue tangu mwaka wa tatu, jitolee kumsaidia kukusanya data, na ukimwomba barua mpe mwezi mzima, pamoja na matokeo yako, rasimu ya maelezo yako, na ile insha aliyokusahihishia.

Kuhusu fedha nitasema machache yasiyojulikana vya kutosha. Programu nyingi za uzamivu Marekani hupokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, humlipia karo na kumpa posho, na vyuo vingi husamehe ada ya maombi ukiomba mapema. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unadai saa 2,800 za kazi, karibu miaka miwili, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Kijana aliyegawa chakula wakati wa mafuriko, au aliyefundisha bila malipo katika shule ya kijijini, asione haya kuiandika. Aweke rekodi ya saa zake, na jina la aliyemsimamia.

Nanyi walimu na wahadhiri wenzangu, ombi langu kwenu ni moja. Mwanafunzi akiwajia kuomba barua, msimwambie ajiandikie mwenyewe, ninyi mtie saini tu, kama ilivyozoeleka. Mketisheni, mwulizeni anataka kujua nini, kisha andikeni mliyoyaona kwa macho yenu.